Mbwa Asiyeona: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Shaba, mbwa wangu asiyeona, aliletwa kwangu hapa Arusha kwa bajaji, amelala juu ya gunia. Siku tatu za mwanzo alikaa kwenye kona ya baraza, pua ameielekeza ukutani, hali kitu mpaka giza liingie. Nilidhani upofu ndio unaomtesa. Kumbe jicho la kushoto lilikuwa linamuuma, na jenereta ya jirani ilikuwa inamfunikia kila sauti nyingine aliyoitegemea. Upofu wenyewe alikuwa ameshauzoea zamani.

Tangu hapo, kila dalili naipitisha kwenye maswali matatu, na kwa mpangilio huu: Anaumwa? Kuna kitu kimehama? Anaogopa? Maumivu nayatanguliza kwa sababu mbwa huyaficha, na yakijificha huonekana kama woga au ukaidi. Ukianza na swali la tatu unaweza kumbembeleza mnyama wiki nzima huku jicho linaharibika.

Macho yana ukungu, ila sijui kama haoni

Hili ndilo swali la kwanza la mtu anayetaka kumchukua mbwa aliyeokotwa. Usilijibu kwa kumtazama usoni. Mbwa aliyevuka miaka 6 au 7 huweza kuwa na ukungu wa kijivu-bluu ndani ya jicho ambao ni uzee wa lenzi tu, na bado anaona vizuri. Mtoto wa jicho ni kitu kingine: mweupe kama maziwa, na ukikomaa huziba kabisa. Upande wa pili, wapo mbwa wenye macho mazuri yanayong'aa ambao hawaoni hata kidogo, kwa sababu tatizo liko nyuma, kwenye retina, yaani utando unaopokea picha.

Chukua donge la pamba. Mbwa akiwa ametulia, lidondoshe kimya mbele ya uso wake. Pamba haina mlio ikianguka na haina harufu ya kumvutia, kwa hiyo akiifuata kwa macho ujue anaona. Rudia huku umemfunika jicho moja, kisha jingine. Watu wengi hupunga mkono mbele ya uso. Tatizo ni kwamba upepo wa mkono unagusa ndevu zake naye anapepesa, nawe unaondoka na jibu la uongo. Tochi nayo hudanganya. Mboni kunywea kwenye mwanga haina maana kwamba picha inafika kwenye ubongo.

Jaribu pia jioni. Mbwa anayepita vizuri kati ya viti mchana lakini akaanza kugonga taa zikififia anaweza kuwa na ugonjwa wa retina unaokwenda pole pole, mara nyingi wa kurithi. Huyo ana muda. Anza kumfundisha maneno na njia za nyumba sasa hivi, angali anaona kidogo.

Wiki iliyopita alikuwa anaona, leo haoni

Usisubiri kesho. Kwetu huku chanzo cha kufikiria mapema ni homa ya kupe, ambayo huweza kuvimbisha jicho kwa ndani, kuvujisha damu na hata kung'oa retina. Ikishikwa mapema hutibika. Daktari wa mifugo kwa kawaida huandika doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa takriban wiki nne, na dozi humalizwa hata kama mbwa ameshachangamka. Kwa mbwa mzee fikiria presha ya damu inayotokana na figo. Kama anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana na anakonda, omba apimwe sukari, maana kisukari cha mbwa huleta mtoto wa jicho kwa kasi ya kushangaza.

Kama mnaishi karibu na vichaka au mashamba, fikiria swila, yule nyoka anayetema mate. Mbwa anarudi anafumba macho kwa nguvu, analia, anasugua uso kwenye nyasi. Mwoshe macho kwa maji safi mengi, dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, kisha kwa daktari. Usipoteze muda kutafuta maziwa au kukamua majani. Maji yanatosha, na jicho likioshwa upesi mara nyingi hupona.

Halafu kuna jambo ambalo kila anayeokota mbwa barabarani lazima alijue. Mbwa mgeni usiyejua chanjo zake, anayegonga vitu, anayetokwa na mate, anayeyumba au aliyebadilika tabia ghafla, asichukuliwe kwamba ni kipofu tu mpaka daktari amwone. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimshike mdomo, watoto wakae mbali. Akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano, kwa sababu dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Naandika haya kwa kuwa huruma ndiyo inayotusogeza karibu na mbwa hawa, na huruma isiyo na tahadhari imeua watu.

Jicho jekundu, limevimba, au analisugua kila mara

Hapa ndipo nataka usimame kwa muda mrefu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. Tunasema "si kipofu tayari, jicho lina faida gani tena?" Jicho lisiloona linaweza kuuma sawasawa na linaloona.

Vyanzo vitatu ndivyo vya kawaida. Kwanza presha ya jicho, glakoma: jicho jekundu, gumu, linaonekana kubwa kuliko mwenzake, mboni imepanuka, konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ina ukungu wa bluu. Presha ya kawaida ya jicho la mbwa ni kama milimita 10 hadi 25 za zebaki. Ikipanda sana, uoni uliobaki unaweza kupotea ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili. Pili kidonda kwenye konea: anafumba jicho, machozi mengi, hataki jua. Mbwa asiyeona hupata vidonda hivi kirahisi kwa sababu hawezi kuuona mwiba unaokuja. Tatu macho makavu: tongotongo zito la njano au kijani linalorudi kila asubuhi, na konea isiyo na mng'ao.

Usikimbilie duka la dawa kununua matone ya macho ya binadamu. Mengi yanayouzwa yamechanganywa na deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, na dawa hiyo ikiwekwa juu ya kidonda cha konea inaweza kukifanya kichimbike mpaka jicho litoboke. Daktari anaweka kwanza rangi ya fluoresini. Pakiwa na kidonda panang'aa kijani. Kipimo hicho ni cha dakika chache. Daktari akikupa matone bila kulipima jicho, muulize kwa heshima kama hakuna kidonda. Vilevile usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala paracetamol. Vidonge vinavyotutuliza sisi humwumiza mbwa tumbo, figo na ini.

Jicho la kushoto la Shaba lilikuwa na presha. Daktari wa kwanza aliniambia nimwachie Mungu, maana "haoni hata hivyo". Wa pili aliligusa kwa kidole juu ya kope, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, huyu anaumwa kichwa kila siku ya maisha yake." Alishauri litolewe. Nililia pale pale. Nilihisi kama namwongezea mbwa huyu dhuluma nyingine juu ya zile alizokutana nazo barabarani.

Jicho likatolewa, kope zikashonwa. Nyuzi zilitoka baada ya siku 14, na siku zote hizo alivaa kola ya plastiki. Lakini siku ya nne tu baada ya upasuaji aliokota soksi ya mwanangu akaitikisa. Sikuwahi kumwona akicheza kabla ya hapo. Nilichokiita unyonge wa kipofu kilikuwa maumivu ya kichwa. Kwa hiyo mbwa wako asiyeona akilala mno, akipoteza hamu ya chakula, akibonyeza kichwa ukutani au akikwepa mkono unaokuja upande mmoja wa uso, usimwite mpole. Mpeleke jicho likapimwe.

Anagonga kuta na viti alivyovizoea

Mbwa asiyeona anaishi ndani ya ramani. Ameichora kwa pua, masikio, nyayo na ndevu, na ni ramani nzuri kuliko tunavyofikiri: pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, yetu ina kama milioni 5 au 6. Akianza kugonga mahali alipokuwa anapita vizuri, usimlaumu yeye. Kagua nyumba. Kuna kitu kimehama.

Kinachohama si kiti peke yake. Kwangu niligundua kwamba Jumamosi ndiyo siku yake mbaya. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa: Jumamosi tunapiga deki kwa dawa yenye harufu kali. Kwetu nyumba inanukia usafi, kwake ramani yote imefutwa. Sasa tunatumia maji na sabuni isiyo na harufu nyingi kwenye njia zake, na mkeka wake haufuliwi siku moja na deki. Viatu vilivyovuliwa mlangoni, ndoo iliyoachwa kwenye korido, mlango uliobaki nusu wazi (huu ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu ukingo wake ni mwembamba na uko usawa wa uso), begi la shule: haya ndiyo yanayogongwa. Nyumba yenye watoto haiwezi kuwa na nidhamu kamili. Tulikubaliana njia moja tu, kutoka jikoni hadi barazani, iwe tupu siku zote. Hiyo imetosha.

Mpe alama za nyayo. Kipande cha jamvi kabla ya ngazi, gunia mbele ya mlango, mkeka chini ya bakuli la maji. Akikanyaga jamvi anajua hatua inayofuata inashuka. Vigae vinavyoteleza humtia hofu mara mbili, kwa hiyo tandika zulia jembamba kwenye kona anazogeukia. Wengine hupaka harufu kwenye miimo ya milango. Tone la vanila linafaa, lakini usitumie mafuta makali ya mimea kama yale yaitwayo "tea tree", ambayo ni sumu kwa mbwa.

Kama ameletwa karibuni, usimfungulie nyumba nzima. Mpe chumba kimoja au kona ya baraza kwa siku kadhaa, kisha mtembeze kwa kamba fupi, pole pole, ukipita njia ile ile. Akipotea, mrudishe mahali pamoja pa kuanzia, kwa mfano kwenye bakuli la maji, aanze kuhesabu upya. Usimbebe. Mbwa aliyebebwa anawekwa chini mahali ambapo hajui ni wapi.

Kwa mbwa anayejiumiza pua kila siku kuna mkanda wa kifua wenye duara la waya mbele ya uso, linalogusa ukuta kabla yake. Fundi anaweza kuutengeneza kwa waya mwepesi uliopitishwa ndani ya mpira mwembamba wa maji. Utumie wiki za mwanzo au mkiwa ugenini, na uvuliwe usiku.

Anazunguka mduara

Akizunguka pande zote mbili na akaacha akiitwa, huenda anachora chumba kipya au amechoshwa na kukaa bila kazi. Akizunguka upande mmoja tu, akainamisha kichwa, akayumba au akatapika, hilo si la macho: sikio la ndani au ubongo. Kwa daktari.

Ananguruma au anang'ata akiguswa

Baada ya kuhakikisha haumwi, jibu karibu kila mara ni kwamba alishtuliwa. Mkono kwake hautoki mbali ukakaribia, unatokea tu. Nyumbani kwetu kanuni ni sauti kwanza, mkono baadaye. Unataja jina lake, unasubiri sikio ligeuke, ndipo unagusa bega, si kichwa. Aliyelala haguswi kabisa, anaitwa. Wageni wanaambiwa mlangoni. Mama yangu mdogo, ambaye hakulelewa kukaa na mbwa, hupiga makofi mawili madogo akipita karibu naye, na Shaba ameshajua makofi hayo ni ya nani.

Mbwa wengine ni shida ya peke yake. Mbwa wanasemeshana kwa mwili: mkia uliokakamaa, kichwa kilichogeuzwa. Asiyeona hasomi onyo hilo, anaendelea kusogea, na mwenzake anamwona hana adabu. Fungia mbwa wenzake kikengele shingoni, uwalishe mbali mbali, na miezi ya mwanzo usiwaache peke yao.

Anakojoa ndani

Kabla hujamkaripia, hesabu hatua kutoka anapolala hadi mlangoni. Huenda anaijua njia lakini mlango umefungwa na hajui jinsi ya kukuambia. Mtoe kwa kamba, mahali pale pale, neno lile lile, mara tu anapoamka na baada ya kula. Akiwa anakunywa maji kuliko zamani, rudi kwenye kipimo cha sukari na figo.

Hataki kula, au anakula akiwa amejibana

Bakuli zito lisilosogea, mahali pamoja, ligongwe kidogo kwa kijiko kabla ya kuondoka. Mgongo wake uelekee ukutani, asihofu kinachotokea nyuma.

Usiku anahangaika, anabweka ovyo

Kwa asiyeona, usiku hautofautiani na mchana kwa mwanga, bali kwa sauti na ratiba. Chakula, matembezi na kulala viwe kwa saa zile zile, naye atajua siku imefika wapi. Redio yenye sauti ya chini mahali pamoja humsaidia pia kama nguzo: anajua sebule iko upande ule.

Jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu ni mvua. Nyumba yetu ni ya mabati. Masika yakianza, mvua ikipiga juu ya bati, Shaba anapoteza masikio kama alivyopoteza macho. Mara ya kwanza alibweka mpaka sauti ikakauka, nami nilifikiri anaogopa radi. Hapana: hakuwa anajua tuko wapi. Siku hizi mvua ikianza, mmoja wetu anakwenda kukaa chini kando yake, mguu ukigusa ubavu wake. Hakuna zaidi. Anashusha kichwa, analala. Jenereta, mziki wa harusi na mashine ya kusaga hufanya kazi ile ile ya mvua, kwa hiyo akihangaika, kwanza sikiliza wewe mwenyewe ni kelele gani imeanza.

Kama amezoeshwa kufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku alinde, usimwachie uwanja usiku peke yake mpaka aujue kabisa. Watu huniuliza mbwa kipofu atalinda nini. Shaba anabweka pikipiki ngeni ikiwa bado kwenye kona ya barabara, na anainyamazia ya mume wangu. Hiyo inanitosha, na hata asingebweka ningemweka.

Hataki kutoka getini

Usimvute. Nje hakuna ramani. Mvalishe mkanda wa kifua badala ya wa shingoni, maana akishtuka na kurudi nyuma wa shingoni unachomoka, na mbwa asiyeona akipotea mjini ni msiba. Siku ya kwanza mkae getini tu, anuse. Ya pili, nguzo ya kwanza ya umeme. Mfundishe maneno machache, kila moja na kazi yake: "panda", "shuka", "simama", "pole pole", "njoo". La muhimu kuliko yote ni "simama", kwa sababu ya mitaro yetu isiyofunikwa. Familia nzima itumie maneno yale yale. Mmoja akisema "shuka" na mwingine "teremka", anabaki kati yao hajui amfuate nani.

Hakikisha chanjo ya kichaa imetolewa kabla ya matembezi, na utunze kadi yake. Kibandiko au kitambaa kinachosema "Sioni" kwenye mkanda husaidia pia, watoto wa mtaani kwetu walioanza kwa kumrushia mawe walipoelezwa ndio sasa wanaita "Shaba, mtaro!" kabla yangu.

Anakimbia mbio uani kama aliyechanganyikiwa

Dalili hii hutokea baada ya miezi, na wenye mbwa hupigiana simu kwa wasiwasi. Kagua uani kwanza. Shimo la maji taka lifunikwe. Seng'enge zilizochomoza zikunjwe, matawi yaliyo usawa wa uso yakatwe. Kuzunguka kila mti mwaga changarawe au magome, duara la hatua moja kamili. Nyayo zikikuta changarawe anajua mti uko mbele, naye anapinda bila kupunguza mwendo. Tulifanya hivyo kwa mwembe na mparachichi wetu mwezi wa tano baada ya Shaba kuja. Ukimaliza, kaa barazani umwache akimbie.